Nguruwe Hawangoji Kibali

Jumatatu, 3 Machi 2025

Niwie radhi, daftari. Sijakuandikia tangu Aprili ya mwaka jana, wiki ile nguruwe pori walipomaliza mahindi. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Nilikosa neno jema la kuandika, nami sipendi kuharibu karatasi.

Mambo yalivyo. Umri wangu ni miaka sabini na mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na minane, nimestaafu, nimerudi Goweko kulima. Shamba liko bondeni: ekari mbili za mahindi, na kando yake nusu ekari ya karanga ambayo ni ya mke wangu, Marcelina. Mwaka jana tulivuna madebe mawili. Chakula kingine hatuna. Marcelina amesema, bila kupandisha sauti, kwamba tukikosa tena mwaka huu atakwenda kwa binti yetu Stela huko Lusu, na kwamba hatakuwa amekwenda kutembea.

Leo wenye mashamba ya bondeni tumekutana. Shauri lao ni hili: kila mmoja azibe upande wake kwa miiba, na tupeane zamu za kukaa dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya miti, tupige madebe wanyama wakimbie. Shauri la kale. Nikasimama nikaeleza kwamba mimi nitanunua gobore. Gobore halali, lenye namba na kibali, la kushindilia baruti mdomoni kama yale ya wazee wetu. Mlio mmoja, na nguruwe hawatarudi. Kwa hiyo sioni sababu ya kukata miiba, wala ya kupanda dunguni.

Shigela anapakana nami upande wa mashariki. Ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa hapa kijijini. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la nne B. Akaniuliza gobore litafika lini. Nikajibu kwamba kwanza nitachagua. Akasema, "Sawa, Mwalimu. Ila nguruwe hawangoji kibali."

Wakacheka wote. Marcelina hakucheka. Alikuwa anatazama chini.

Nimechora jedwali. Vigezo kumi na kimoja.


Jumatano, 5 Machi (Jumatano ya Majivu)

Nimepakwa majivu. Padri amenikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Sikuwa nimesahau.

Kutoka kanisani nikaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu ni Jeska, binti mwenye adabu. Amenipa fomu, akanieleza njia yake: kijiji, kata, wilaya, polisi. Kibali cha kumiliki ni kimoja. Cha kuwinda ni kingine, hutoka kwa afisa wanyamapori. Baruti nayo ina karatasi yake. Nilifurahi kusikia. Ni nchi yenye utaratibu.

Tatizo ni ukurasa wa pili. Majirani watatu wanaopakana nami waandike kwamba mwenendo wangu ni mwema. Mashariki ni Shigela. Kusini ni Apolinaria, mjane, ambaye amenuna tangu juzi kwa ajili ya miiba. Kaskazini hakuna mtu, ni mbuga. Magharibi ni reli.

Nikaketi kwenye benchi la ofisi nikafikiri. Reli ni jirani. Fomu haikusema jirani awe na miguu. Nikaenda hadi stesheni, nikamwomba mkuu wa kituo aandike kwa niaba ya reli. Kijana yule akasoma fomu yote, akaniamkia mara ya pili, kisha akasema kwamba treni hupita hapa mara chache tena kwa haraka, haijapata nafasi ya kuujua mwenendo wangu.

Jeska amenishauri nimwombe Shigela tu, kwani angeandika leo hii. Simwombi. Mwaka ule darasa la nne alishindwa kutaja mito mitano ya Tanzania.


Ijumaa, 7 Machi

Wameingia. Wamepitia upande wangu, ambao ndio pekee usio na miiba. Mistari sita ya karanga za Marcelina imefukuliwa. Mahindi yameangushwa, mengine hata hayakuliwa. Kisha wakavuka kwa Apolinaria wakamaliza viazi alivyokuwa akivitegemea kwa michembe, vile vipande vikavu vya kula kiangazi.

Nilichukua rula nikapima nyayo. Ukwato mkubwa kuliko zote: sentimita sita na nusu. Kwa mnyama wa uzito huo gololi ndogo haifai, mtutu lazima uwe mpana. Nimeongeza kigezo cha kumi na mbili. Marcelina alinikuta nimepiga magoti na rula mkononi. Akaniuliza kama nawapima ili niwashonee viatu.

Kisha akachukua panga akaenda kukata miiba. Nilimweleza kwamba anapoteza nguvu, maana gobore likifika miiba hiyo itakuwa kuni tu. Amekata peke yake hadi jua la utosi. Ameziba hatua ishirini. Zimebaki mia moja na arobaini, nilizihesabu mwenyewe. Mchana akapanda dunguni kushika zamu yangu ya kufukuza nyani. Nilimsikia akigonga debe nilipokuwa nanakili fomu kwa mwandiko safi.

Jioni mvua. Paa linavuja mahali palepale.


Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa mtu nisiyemfahamu alinifuata nyuma ya kanisa akiwa na gunia. Ndani ya gunia, gobore. Akasema ni jipya, limetengenezwa wiki iliyopita, na sitahitaji kumwona mtu yeyote ofisini. Nililitazama. Kitako ni cha mninga, kimechongwa vizuri, nakiri. Mtutu ni bomba la maji. Namba hakuna.

Nikamweleza. Mtutu wa bomba humpasukia mpigaji usoni, na asipopasukiwa atafungwa. Nilianza na sheria, nikaendelea na dhamiri, nikamalizia na Amri za Mungu, zote kumi, kwa mpangilio. Saa nzima. Alipokuja alisema shikamoo mzee. Alipoondoka alikuwa anakaribia kukimbia.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijisikia mtu mwema. Nikawakuta nyani shambani. Zamu ya saa sita ilikuwa yangu, na Marcelina alidhani niko njiani. Mstari mzima wa upande wa reli umemenywa, hindi moja moja, kwa utulivu, kana kwamba waliandaliwa meza.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemkumbuka babu yake baba. Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi na bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa jiwe. Ilining'inia nyumbani kwetu tangu hapo. Ilikuwa nzima.

Kulipotangazwa msamaha wa kusalimisha silaha zisizo na kibali, kaka yangu alitaka kuificha darini. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kurasa tatu kumwonyesha kosa lake. Akaisalimisha. Hakusema nami hadi alipofariki.

Nilikuwa sahihi. Haikuwa na namba.


Jumatano, 12 Machi

Nimefika Usoke, kwa Fideli. Tuliwahi kufundisha shule moja. Sasa analima tumbaku. Anauza gobore lake kwa sababu magoti hayamruhusu tena kutembea porini siku nzima.

Ni gobore zuri. La fataki, si la jiwe, kwa hiyo unyevu haulisumbui sana. Mtutu mnyoofu. Kifyatulio chepesi. Namba imepigwa kwenye chuma chenyewe, na kibali kinalingana nayo tarakimu kwa tarakimu. Nilipitisha waya wenye kitambaa mtutuni, kikatoka safi. Nilichungulia: hakuna kutu. Alilipiga mara moja mbele yangu kwenye kichuguu cha shambani kwake, likaitika papo hapo. Vigezo kumi na viwili, limefaulu kumi na viwili.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Katika miaka thelathini na minane sikupata kuona mtihani ulioandikwa vizuri hivyo na mwanafunzi ambaye hakutazamia kwa jirani. Nikaomba siku kumi na nne za kutafakari. Nikauliza pia kama ufito wa kushindilia ni wa awali au umebadilishwa. Umebadilishwa, mwaka 1998. Nimeandika.

Fideli akaniuliza kama nachagua gobore au mchumba. Kisha akaacha mzaha. Akasema, "Damas, ndugu yangu, nguruwe wenyewe ni wangapi?" Nikamwambia kama tisa. Akasema kibali chake cha kuwinda bado ni hai msimu huu. Kijiji kikimwandikia afisa wanyamapori, naye akiridhia, Fideli atakuja mwenyewe akae dunguni kwangu siku mbili. Magoti yanamruhusu kukaa. Hataki malipo. Ila desturi ni desturi: mwindaji mgeni hupewa kidari, na mwenye shamba humpikia ugali.

Nilimshukuru, nikakataa. Nilitangaza mbele ya watu kwamba nitanunua. Nguruwe akianguka shambani kwangu kwa gobore la mtu mwingine, nitakuwa nimesema uongo.

Fideli akanifungia karanga za kula njiani.


Jumamosi, 15 Machi

Nilipokuwa safarini nguruwe waliingia siku mbili mfululizo. Kupitia zile hatua mia moja na arobaini. Kwangu limebaki pande la chini tu. Kwa Shigela wamekula robo ya shamba la mahindi. Tumbaku yake hawakuigusa. Hata nguruwe wana kiasi.

Saa tisa sungusungu wakapuliza filimbi. Baraza lilikaa uwanjani, nami nikaitwa katikati. Nilikwenda na daftari la kumbukumbu na kalamu mbili. Shigela alinipa kiti kwanza, jambo ambalo sikulitegemea, ndipo akanishtaki. Akasema kijiji chote kimeziba, nimeacha mlango mimi. Apolinaria akasimama. Hakunitukana. Alisema tu kwamba viazi vile ndivyo vilivyokuwa Julai yake, na Agosti yake.

Nilijibu kwa hoja nne. Kwamba maombi yangu ya silaha yako katika hatua za awali. Kwamba baraza halikuwa na ajenda iliyoandikwa. Hoja ya tatu na ya nne sikumaliza, maana mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Mwalimu, kengele imelia zamani."

Hukumu: mbuzi mmoja, nimlete kwa mkono wangu mwenyewe, nikimkokota kwa kamba kupita mbele ya nyumba za watu hadi kwa kamanda. Na niizibe ile nafasi. Siku tatu. Nisipofanya, nitengwe.

Nimewaarifu kwamba nitakata rufaa kwa maandishi.


Jumanne, 18 Machi

Siku tatu zimekwisha. Rufaa ina kurasa nne na kiambatisho. Nimeipeleka kwa Shigela. Hakuipokea. Hakunisemesha. Ndipo nilipofahamu kwamba kutengwa kumeshaanza.

Hakuna anayeniamkia. Watoto wa shule walikuwa wakinipigia shikamoo kutoka mbali, kundi zima. Leo wamepita wakitazama reli. Marahaba yangu ilikuwa tayari mdomoni, nikaimeza. Dukani nilisimama mbele ya kaunta, muuzaji akaendelea kupanga sabuni. Sikupata chumvi. Atakayesema nami atatozwa kuku mmoja.

Marcelina hakutengwa, kwa kuwa alikata miiba na alishika zamu, zake na zangu. Lakini naye hana ruhusa ya kunisemesha. Basi anasema na kuku wake mwekundu. Asubuhi alimwambia kuku kwamba uji uko jikoni. Mchana alimwambia kuku kwamba mwenye nyumba hii ana panga kabatini, lina makali, na miiba haijaisha porini. Jioni alimuuliza kuku kama amewahi kuona mtu anayezama akiuliza maji ni ya mto gani.

Kuku akaenda kulala. Mimi pia.

Jambo jingine. Fomu inahitaji sahihi za majirani watatu, na majirani hawawezi hata kuniambia hapana.


Ijumaa, 21 Machi

Nimegundua mengi kupitia dirisha.

Marcelina alimpigia Fideli simu. Jeska akamwandikia afisa wanyamapori barua ya mistari minne, haina hata aya. Afisa akafika siku hiyohiyo kwa pikipiki, akakagua, akaridhia. Fideli akafika jana. Mambo yote haya yalichukua siku mbili. Jedwali langu lina wiki tatu.

Leo saa kumi na moja na nusu jioni nilisikia mlio mmoja. Kisha kelele za watu, za furaha. Dume kubwa, shambani kwa Shigela, hatua arobaini kutoka dunguni. Wengine wametawanyika kuelekea mbugani.

Fideli alipita barabarani wakati wa kurudi. Naye angetozwa kuku. Alisimama mbele ya nyumba yangu, akanyanyua gobore juu kidogo, kama mtu anayemwonyesha mtoto kitu kilichoko dukani. Akaendelea na safari. Kidari alikibeba begani, kimefungwa kwa majani.

Nyama imegawanywa kwa kila mwenye shamba bondeni. Nilipata faraja kidogo: ni Ijumaa ya Kwaresima, hakuna Mkatoliki atakayeigusa leo. Marcelina ameleta fungu lake, akaliweka juu ya moto likaukie moshi hadi kesho. Ni fungu la mtu mmoja.

Nakiri, gobore lilipiga vizuri. Lakini nimesikia mlio mmoja tu. Mlio mmoja hauthibitishi kitu.


Jumatatu, 24 Machi

Nguruwe waliotawanyika wamerudi. Hawakuingia kwa wenzangu, kwa sababu Jumamosi watu wa bondeni walipiga ua mpya wa miiba. Wameupitisha mpakani mwangu. Karanga za Marcelina zimewekwa ndani ya ua. Mahindi yangu yako nje. Wameyamaliza yote, bila haraka, mbele ya mtu yeyote aliyetaka kutazama. Nimekwenda asubuhi. Ni mabua.

Nilipotoka shambani nilimkuta Marcelina amefunga mzigo. Alikuwa ametoka kwa Shigela. Amempelekea yule kuku mwekundu, faini ya mapema, ili aseme nami mara moja.

Alisema, "Baba Stela, mbuzi yuko pale kwenye nguzo. Ni wangu, nilimpata kwa karanga za mwaka juzi. Mpeleke kwa Shigela kwa mkono wako. Pita mbele ya watu, ni aibu ya dakika kumi. Halafu ziba zile hatua. Ukifanya hivyo mpigie Stela simu, ataniambia, nami nitapanda basi siku hiyohiyo. Usipofanya, usije Lusu."

Nilitaka kumjibu kwa mpangilio. Akasema kuku alikuwa mmoja tu, maneno yamekwisha. Akajitwisha mzigo. Apolinaria alikuwa anamsubiri njiani amsaidie kikapu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuondoka nyumbani na nyumba ikabaki na sauti za vitu tu: sufuria, mlango, matone.

Sasa ni alasiri. Nimekaa na mbuzi.

Ni mbuzi mzuri. Jike, meno kamili, kwato safi. Nikimpeleka kwa Shigela, nitaamkiwa, nitauziwa chumvi, Marcelina atarudi, na majirani wataweza kuandika kuhusu mwenendo wangu. Hayo nayaona. Lakini nitakuwa nimekubali hukumu ya baraza lisilokuwa na ajenda, na sitakuwa na gobore.

Kwa upande mwingine, zile siku kumi na nne za Fideli zinaisha keshokutwa. Mbuzi wa namna hii angempokea kama kishika mkono, akaacha kumwuzia mtu mwingine. Mahindi hayapo, ni kweli, hivyo kwa mwaka huu gobore halitakuwa na kitu cha kulinda. Hilo ni jambo jema: nitapata muda wa kufuata hatua zote bila kusukumwa. Kuhusu sahihi, nimesoma upya ukurasa wa pili. Neno lililotumika ni "wanaopakana", halisemi wawe wa kijiji hiki. Ng'ambo ya mbuga kuna watu wasionifahamu kabisa, na mwenendo wangu kwao hauna doa.

Linabaki suala la ule ufito wa mwaka 1998, ambao bado sijaridhika nao.

Jambo la namna hii halikatwi kwa hasira wala kwa upweke. Nimemhamishia mbuzi kivulini, nikampa maji. Nitakuandikia, daftari, nitakapokuwa nimeamua aende wapi.